Dozi ya saa nne usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Pangani hatujambo, wadogo zako wazima, nami naendelea na eda yangu.

Ujumbe wako niliusoma, nikauweka, nikausoma tena, maana si wa kujibiwa kwa simu huku watu wanaingia na kutoka. Umeniuliza: "Mama, ile dozi niliyompa Baba saa nne usiku, ya maradufu, ndiyo iliyomwondoa?" Ukaongeza kwamba alipokata roho kabla ya adhana ya alfajiri ulijiona umetua mzigo, na tangu hapo unajichukia. Mwisho ukauliza mateso yale yote yalikuwa na maana gani.

La kwanza sitalizungushia maneno. Hapana, mwanangu. Hukumuua baba yako.

Daftari lako la dawa ninalo hapa mapajani. Nesi wa tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa maumivu, alitueleza sote wawili kwamba morfini ya maji hukaa mwilini kwa muda wa saa nne hivi, ndiyo maana mchana alipewa mililita tano kila baada ya saa nne, na ile ya kulalia ikawa kumi, asiamshwe na maumivu saa nane za usiku. Haukuwa uamuzi wako. Nimefunua ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko wako ni ule ule: "Saa 4 usiku, mil. 10. Amelala." Kesho yake, "Mil. 10. Amelala." Wiki nenda wiki rudi alikunywa kiasi hicho, na asubuhi akaamka kuulizia chai.

Tena kumbuka mpangilio wa mambo, kwa sababu majonzi huwa yanauvuruga. Uji alikuwa ameukataa tangu juzi yake. Nyayo zilikuwa za baridi hata tukizifunika. Ile pumzi ya kukatika, ikatulia, halafu ikarudi kwa nguvu, ilianza mchana, wewe bado uko sokoni. Nesi alipopigiwa simu alisema hivyo ndivyo mwili unavyofunga safari. Wewe ulikuja usiku na bomba lako lisilo na sindano, ukalipima kwenye mwanga wa taa, ukamtilia dawa kidogo kidogo pembeni ya shavu asipaliwe, ukamfuta mdomo. Nilikuwa nimekaa kitandani upande wa pili, nilikuona. Baba yako aliondoka bila maumivu, na hilo ndilo ulilomfanyia.

Watu wengi wanaiogopa dawa hii, na najua nani alikutia maneno siku ya tatu ya matanga. Simtaji. Lakini ajue kwamba Waganda walianza kuwapa wagonjwa wao dawa hii majumbani tangu 1993, pale Kampala, unga unachanganywa na maji, bei ndogo, na watu wakafa kwa ugonjwa wao bila kupiga mayowe. Hofu ya ndugu imewaacha wagonjwa wangapi wakiuma shuka kwa meno!

Sasa hilo la kutua mzigo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitukataza kutamani kifo kwa ajili ya dhiki, lakini alitufundisha tuombe: nihuishe iwapo uhai ni kheri kwangu, nifishe iwapo kifo ni kheri kwangu. Wewe uliomba baba yako apumzike. Alipopumzika, nawe ukapumua. Mimi pia nilipumua, mwanangu, na nilikuwa mkewe. Huzuni yetu haikuanza siku ya mazishi. Mimi nilianza kumlilia siku aliponiomba nimfunge kikoi, yeye ambaye hajawahi kuniachia hata kumfulia. Ulipofika msiba, machozi mengine yalikuwa yameshatoka jikoni.

Kuhusu maana, kwamba maradhi hufuta madhambi naamini, ila hilo ni baina yake na Mola wake. Langu la kukwambia ni tulichokiona sisi tuliouguza. Tulipotoka hospitali ya Ocean Road saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, na hakuweza kuguswa. Wiki ile dawa ilipomkaa sawa, akataka kutolewa barazani. Akakaa na mito mitatu mgongoni, akacheza bao na ami yako, akamfunga, akacheka mpaka akakohoa. Akaita mtu wa nazi wakamalizana deni. Akasema wasia wake akiwa na akili timamu, akakuombea dua wewe kwa jina. Mtu mwenye maumivu hana nafasi ya mambo hayo. Aliipata kwa mikono yako na kwa usingizi wako. Mimi maana nyingine siitafuti.

Wewe huna eda. Sheria imempa mjane miezi 4 na siku 10, mtoto siku tatu, kisha basi la Dodoma na meza ya kazi. Siku tatu hizo ni za kujizuia na mapambo, haikusemwa kwamba moyo nao ukome. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alisema macho yanatoka machozi na moyo unahuzunika. Lia. Na kama bado unashtuka usiku saa ile ile ya kumgeuza, na kazini huwezi kitu, nenda ukamwone daktari, usingoje mpaka uanguke. Yule nesi naye alisema milango yake iko wazi kwa waliofiwa.

Dawa iliyobaki nimeirudisha hospitali kama tulivyoagizwa. Daftari sikulitoa.

Jirani yetu wa nyuma mumewe ameanza morfini juzi, naye anaogopa kupima peke yake. Nimempa namba yako, atakupigia Jumamosi baada ya adhuhuri. Mweleze taratibu, na umwambie asisahau dawa ya kulainisha choo.

Ni mimi mama yako.