Re: Asilimia zikiingiliana, rufaa ya hataza (patent, haki ya uvumbuzi) Marekani ina nguvu?

Mkuu, umeuliza kama ombi la hataza la sabuni ya maji yenye surfakitanti (kiungo kinachoondoa uchafu) 5–10%, lililokataliwa na mkaguzi wa hataza, linaweza kushinda rufaa Marekani wakati hataza ya zamani inataja 1–20%. Linaweza, ila mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kwa msimamo wa kesi ya In re Peterson (2003), kiwango kilichomo ndani ya kile cha zamani huhesabiwa dhahiri, yaani si uvumbuzi mpya wa kutosha, mpaka mwombaji aonyeshe, kwa mfano, matokeo yasiyotarajiwa.

Wengi huanguka hapo. Wanapima 7% peke yake, kisha wanadai 5–10% yote. Pima 5, 7 na 10, halafu 4 na 12 nje ya mipaka, ukilinganisha na mfano wa karibu zaidi kwenye hataza ya zamani, si na maji matupu! Kitambaa kilekile, doa lilelile, joto lilelile. Kung'arisha "zaidi kidogo" hakutoshi. Tofauti izidi alichotegemea mtaalamu wa fani.

Data ziingie kwa tamko la kanuni 1.132 (maelezo ya kiapo yenye ushahidi) kabla ya notisi ya rufaa. Ukizichomeka kwenye hoja za rufaa, hazipokelewi. Na mkaguzi akiunganisha hati mbili za zamani ili kukukatalia, usishambulie moja moja. Jibu muunganiko wenyewe.