Maji ya tangi yamekuwa kama mlenda, na nabadilisha kila wiki!

SWALI: Fundi shikamoo. Mi niko Mbezi Beach, nina tangi la maji chumvi la lita 200, linaingia mwaka wa pili sasa, ndani kuna samaki klauni wawili, damseli mmoja, konokono kadhaa na kamba wale wasafishaji. Wiki tatu nyuma maji yalianza kuwa na ukijani flani nikadhani ni macho yangu, leo hii hata jiwe la nyuma silioni, yaani mlenda kabisa. Nimebadilisha nusu tangi mara nne, maji nachota baharini mwenyewe na madumu, yanatulia siku moja mbili afu yanarudi vilevile. Yakipungua najazia ya kisima. Nimepima nitrati sifuri, fosfati sifuri. Muuza samaki anasema ninunue dawa ya kuua mwani. Tangi liko sebuleni pembeni ya dirisha la mashariki, chakula nawapa mara tatu kwa siku. Nisaidie, mke wangu kashasema nimwage lote.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie shemeji avumilie wiki moja tu, na wewe hela ya dawa irudishe mfukoni kwanza, maana dawa nyingi za mwani zina shaba na shaba ndo sumu ya kamba na konokono, utabaki na maji masafi na mazishi.

Kabla ya yote chukua kikombe cheupe cha chai, chota maji ya tangi, kiweke mezani kwenye mwanga. Kama maji ya kwenye kikombe ni meupe safi basi kijani iko kwenye kioo tu, kwangua uendelee na maisha. Yakiwa na rangi ya chai hafifu, huo ni uchafu ulioyeyuka, mkaa wa filta unautoa. Yakiwa kijani na ukiyaacha mpaka kesho hayatui chini, hapo ni mwani mdogo sana unaoelea, na kwa maelezo yako sina shaka ndo wenyewe. Kila kimoja kina upana wa maikroni chache tu wakati unywele wa mtu ni kama 70, kwa hiyo usihangaike kuongeza sponji na pamba kwenye filta, wanapita kama mbu kwenye wavu wa samaki.

Sasa hiyo sifuri yako ndo imekudanganya. Nitrati na fosfati ni chakula cha mwani, na mwani ukiwa mwingi hivyo unakula kila kinachoingia papohapo, kipimo kitakuta nini? Ni sawa na kuchungulia sufuria watoto wameshakula afu useme nyumba hii haikupikwa. Usipime tangi, pima maji ya kisima. Visima vingi vya mjini viko karibu na mashimo ya choo, nitrati imejaa, na ukumbuke maji yakikauka kwenye tangi inayoondoka ni mvuke tu, vilivyomo vinabaki, kwa hiyo kila ndoo unayojazia ni mbolea juu ya mbolea. Wafugaji wa mwatiko wanarutubisha mabwawa makusudi ili mwani uote, wewe unafanya kazi hiyohiyo sebuleni bila kujua. Kuanzia leo kujazia ni maji ya RO tu, yaani yaliyochujwa kwa mashine mpaka vilivyoyeyuka ndani vikatoka.

Na hayo ya baharini unachota wapi na saa ngapi? Kama ni karibu na mto au mfereji, au siku mbili baada ya mvua ya masika, unaleta tope la mjini pamoja na mwani wenyewe ukiwa hai. Nenda maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito, pima chumvi isome kama 1.025, afu yakae kwenye pipa lenye kifuniko gizani wiki moja mbili na pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi.

Kuyasafisha sasa. Zima taa siku tatu, funika tangi pande zote na mablanketi au mifuko myeusi ya taka, na usichungulie, najua utataka kuchungulia. Juu acha nafasi hewa ipite. Samaki hawafi kwa giza, chakula wape kidogo sana siku ya pili au usiwape kabisa. Ila hapa ndo watu wanapoulia samaki: mwani usiku unavuta oksijeni kama samaki wenyewe, na ukifa wote kwa mpigo unaoza na oksijeni inashuka zaidi, unaamka alfajiri unakuta samaki wanahema juu ya maji. Jiwe la hewa liwe linafanya kazi saa 24, skima (kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) kama unayo iache ifanye kazi, na kama umeme kwenu unakatika katika tafuta pampu ya betri kabla hujaanza. Siku ya nne fungua, vuta uchafu wa chini na mpira, badilisha robo ya maji (ya pipa, sio ya jana baharini), osha sponji, pima amonia, ile sumu ya uchafu unaooza.

Ukiwa na uwezo nunua taa ya UV, wati 9 inatosha tangi lako, maji yapite ndani yake taratibu ili mwanga uue mwani, ndani ya siku chache utashangaa. Balbu badilisha kila mwaka hata kama bado inawaka, na usiitazame kwa macho. Dirisha weka pazia zito, taa ya tangi isiwake zaidi ya masaa nane kwa siku, chakula mara moja kwa siku. Mara tatu ni nyingi sana, samaki watatu hao sio wageni wa harusi.

SWALI: Niko Mombasa, tangi jipya la siku tano, maji yamekuwa meupe kama yametiwa maziwa. Pia ni mwani?

JIBU: Hapana, hao ni bakteria, kawaida ya tangi jipya. Weka hewa ya kutosha, usibadilishe kitu, na samaki usitie mpaka amonia na nitriti zisome sifuri, inaweza kuchukua wiki nne hadi sita.