Ndere: mwezi wowote, lakini vuka asubuhi

Dada, umeuliza kama kisiwa cha Ndere, kile cha Ziwa Victoria upande wa Kisumu, ni cha likizo ya Desemba tu. La hasha, hata masika nenda.

Januari na Februari nyasi ni fupi na kavu, kwa hiyo swala pala utawaona kwa mbali wakishuka ufuoni kunywa maji. Kuanzia Machi hadi Mei nyasi hurefuka na kuwaficha, njia zinateleza, lakini ule ukijani! Mimi ndio msimu niupendao. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita mraba 4 na kitu, kinatembeleka kwa miguu.

Usichelewe kutoka Kisumu. Alasiri upepo wa ziwa huamka na mawimbi huanza kurusha maji botini. Gugumaji, ule mmea unaoelea ziwani, nalo halina msimu wa kutegemewa: upepo ukiligeuza hufunga njia, mizizi ikajisokota kwenye propela, nahodha akalazimika kuinua injini na kukata mizizi hiyo kwa panga. Mpigie nahodha siku moja kabla umuulize kama njia iko wazi.

Na watoto wasipande bila jaketi la kuokoa maisha, hata ukiambiwa ni karibu.