Darasa Likiitikia "Ndiyo", Mwalimu Bado Hajajua Kitu

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha Hisabati, kwenye skuli moja ya msingi kaskazini mwa Pemba, nilikuwa na mazoea ya kufunga kila kipindi kwa suali moja: "Mmefahamu?" Darasa zima huitikia "Ndiyo, Maalim!" kwa sauti ya kutikisa mabati, nami hufuta ubao nikaondoka nimeridhika. Tulipofika kwenye mada ya sehemu, yaani nusu, theluthi na kadhalika, nilifundisha kuzijumlisha kwa siku nne, nikaitikiwa siku zote nne, kisha nikatoa jaribio. Zaidi ya nusu ya madaftari yalikuwa na kosa lile lile: 1/2 + 1/3 = 2/5.

Nilipiga misalaba kwa kalamu nyekundu na nikaona darasa ni zito. Ila mtoto mmoja, mpole ambaye hata mkono alikuwa haunyooshi, alinifuata mlangoni na daftari lake. "Maalim, juzi nilipata moja kati ya mbili, na jana nikapata moja kati ya tatu. Sasa jumla yangu si mbili kati ya tano?" Nilinyamaza, kwa sababu hesabu yake ya maksi ilikuwa sahihi. Alichokuwa hajakijua ni kwamba nusu ya chungwa na theluthi ya chungwa hilo hilo haziungani kama zinavyoungana maksi za majaribio mawili, na aliyemzoesha kuisoma alama ya sehemu kwa namna hiyo nilikuwa ni mimi mwenyewe, kila niliporudisha daftari.

Wataalamu hutofautisha tathmini tamati, inayofanywa mwisho ili kutoa hukumu, na tathmini endelevu, inayofanywa somo likiwa bado linaendelea ili mwalimu abadilishe njia. Michael Scriven, mtaalamu wa tathmini, aliitia tofauti hiyo majina mwaka 1967. Hapa kwetu, naona, neno "endelevu" limepotoka: tunatoa jaribio kila wiki, tunajaza maksi kwenye fomu, na ufundishaji unabaki ule ule. Hiyo ni tathmini tamati iliyokatwakatwa vipande vidogo.

Ajabu ni kwamba wengi wetu tumelelewa katika njia iliyo bora zaidi. Chuoni, tunakosomea Kurani, kila mtoto hukaa mbele ya maalim na sehemu yake aliyofikia, husoma kwa sauti, hukosolewa pale pale kwenye herufi aliyoikosea, wala haruki kwenda mbele kwa kuwa mwenzake ameshakwenda. (Bakora ya chuoni siitetei.) Tukiingia skuli tunawapa watoto arubaini na zaidi ukurasa mmoja kwa siku moja, kisha tunawauliza kwa pamoja kama wamefahamu.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kuwa mafunzo yenye tija hufanyika katika eneo lililopo baina ya yale anayoyaweza mtoto peke yake na yale anayoyaweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Waliofuata wakaufananisha msaada huo na jukwaa la waashi, ambalo husimamishwa ukuta ukiwa unapanda na huvunjwa ukuta ukishasimama. Mimi nilikosea kwenye kuvunja. Baada ya kisa cha yule mtoto nilianza kuwachorea mistatili iliyogawiwa, wakafurahi na wakapata, nami nikaendelea kuwachorea hadi siku ya mtihani, ambapo karatasi haikuwa na mchoro wowote na wao hawakujua pa kuanzia. Siku hizi wiki ya kwanza nachora mimi, ya pili wanachora wao, na ya tatu huwataka wakadirie kwanza bila kuchora: jibu litazidi nusu au litapungua? Anayejiuliza hivyo huiona 2/5 kuwa ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, akajisahihisha kabla sijafika kwenye dawati lake.

Jambo jingine ni kusubiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani, aligundua kuwa walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu huwa marefu na hata wanyamavu husema. Nilipojaribu, sekunde hizo zilinielemea kama saa nzima. Basi nahesabu hadi tano kimoyomoyo huku nikitazama dirishani, nisije nikamkodolea mtu macho.

Mwalimu mwenye darasa kubwa atasema hana muda wa kumsikiliza kila mmoja, na ana haki. Ninachofanya ni kuwapa kipande cha karatasi dakika tano kabla ya kengele, wafanye hesabu moja na waandike sentensi moja ya kueleza walivyoifanya. Sitii maksi, kwa kuwa mtoto akiiona namba hayasomi maelezo yaliyo pembeni yake. Jioni navigawa vipande hivyo mafungu matatu: waliofahamu, walioteleza kwenye hatua moja, na waliopotea tangu mwanzo. Fungu la kati kwa kawaida hutoshwa na maelezo ya dakika kumi kesho yake. Fungu la tatu likiwa kubwa kuliko mengine siendelei na mada. Hupitia sokoni asubuhi, nikaingia darasani na machungwa na kisu.