Droni haishiki GPS? Tulia kwanza kabla hujaagiza moduli mpya

Watu wengi droni ikianza kusumbua GPS wanawaza kitu kimoja tu, moduli (kile kifaa cha ndani kinachopokea GPS) imekufa, basi wanaagiza nyingine. Mi nimeshika droni kibao zenye huo ugonjwa na zilizokuwa na moduli mbovu kweli ni chache sana, nyingi shida ilikuwa pale zinapowashiwa au kitu ambacho mwenyewe kabandika juu yake.

Jua hivi, hizo setilaiti za GPS ziko juu huko kama kilomita 20,200, mawimbi yakifika chini yamechoka hasa, kitu kidogo tu kinayaziba. Ndo maana ukiwasha chini ya bati au katikati ya maghorofa namba ya setilaiti inagoma kwenye 5 au 6. Kimahesabu setilaiti 4 zinatosha droni kujua iko wapi, ila mi sirushi ikiwa chini ya 10, na hata zikifika nangoja mpaka programu iseme pointi ya nyumbani, yaani pale itakaporudi, imeshawekwa. Hapo ndo watu wanaparuka, afu baadaye wanashangaa droni imekataa kurudi, sasa itarudi wapi wakati unairusha yenyewe ilikuwa haijui iko wapi?

Kama imekaa kabatini muda mrefu, au umesafiri nayo mbali, usiipe dakika moja ukakata tamaa. Taarifa zake za setilaiti zimeshapitwa na wakati, na ule mpangilio mzima wa setilaiti zote ziko wapi unachukua kama dakika 12 na nusu kushuka wote. Iweke sehemu ya wazi uiache, ila iguseguse uone joto lake, maana propela zisipozunguka droni nyingine zinachemka vibaya.

Haya, kuna hii inayochanganya watu kuliko zote. Setilaiti ziko 15 au zaidi, kila kitu kijani, lakini droni ikisimama hewani inaanza kuzunguka duara, na duara linazidi kupanuka. Hiyo sio GPS jamani, hiyo ni dira. Droni inajua iko wapi ila haijui imeangalia wapi, kwa hiyo kila ikijirekebisha inaenda pembeni. Mara nyingi imerushwa juu ya zege lenye nondo, au karibu na gari, au spika. Na programu ikikuambia ufanye kalibresheni, yaani kuipanga dira upya, ukiwa umesimama pale pale juu ya zege usifanye, utaifundisha uongo, sogea kwanza kwenye udongo au majani ndo ufanye. Kukalibreti kila ukitaka kuruka nako sioni faida yake.

Kingine ni makelele ya mawimbi, sio ya sauti, yanayotoka kwenye vifaa vyenyewe. GPS inasikiliza kwenye 1575.42 MHz, na kikamera cha ziada ulichokifunga mgongoni kinaweza kupiga kelele hapo hapo kikianza kurekodi. Kupima ni rahisi, droni iwe chini imeshika setilaiti, washa kamera, angalia namba, zima, angalia tena, ikishuka na kupanda umeshampata mwizi. Stika za kung'aa zenye karatasi ya bati nazo toa, na kava la kaboni usilifunike juu ya antena. Wale wa kuunda wenyewe, GPS inyanyueni kwenye kamlingoti, iwe mbali na transmita ya video na nyaya nene za betri.

Karibu na kuta ndefu na vioo namba inaweza kuwa nzuri tu na bado droni ikahama, kwa sababu mawimbi yanagonga ukuta kwanza ndo yanaifikia. Hapo hamna seting ya kukusaidia, ondoka tu.

Na ikipotea ukiwa angani? Droni nyingi zinabaki kushikilia kimo lakini upepo unazibeba, na kile kitufe cha kurudi nyumbani hakina kazi muda huo. Irudishe kwa mkono, pambana na upepo kwa stiki taratibu. Hilo lifanyie mazoezi uwanjani, kama yako ina modi ya kuzima GPS.

Ukishapita kote huko bado namba haipandi sehemu ya wazi kabisa, sasa ndo fungua uangalie waya wa moduli kama umelegea, hasa kama ilishawahi kuanguka.