Kwako unayetaka kuwa kocha wa kikapu katika vyuo vya Marekani

Vijana wengi wa nyumbani waliocheza kikapu sekondari huniuliza njia ya kuingia kwenye ukocha wa vyuo huku Marekani. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, yote nikiwa kocha msaidizi wa vyuo vidogo, na ninaipenda. Haya ndiyo ninayotamani ningeambiwa mapema.

Weka pembeni kwanza ile picha ya televisheni ya mashindano ya ubingwa wa vyuo ya mwezi Machi, na kocha anayepiga kelele kando ya uwanja. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, zinamruhusu mchezaji afanye shughuli za timu saa 20 kwa wiki msimu unapoendelea. Saa zako wewe hazihesabiwi na mtu. Utachambua video, utapiga simu, utakodi basi, utakwenda kuchungulia darasani kama fulani amefika. Mtu anayeipenda kazi hii kwa sababu ya mechi tu huchoka kabla msimu wa pili haujaisha.

Mimi nilianza kama mwanafunzi wa shahada ya pili anayesaidia timu: chuo kinakulipia masomo na kukupa posho ndogo. Kwa mtu aliyetoka kwetu njia hiyo inafaa pia kwa upande wa viza, maana unaingia kama mwanafunzi. Kazi yangu ilikuwa kukata video za wapinzani, mara nyingi hadi saa nane usiku. Siku moja nikachanganya mechi ya mwaka uliotangulia na ya mwaka ule. Wachezaji wakakaa dakika arobaini wakimsoma mlinzi ambaye alishahitimu. Kocha mkuu hakunigombeza. Alinituma nikawaombe radhi wachezaji wote kumi na watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu muda niliopoteza ulikuwa wao. Hadi leo kila kipande cha video naandika tarehe kabla ya jina la timu.

Kwa hiyo ukipewa jezi ufue, zifue. Kocha Pat Summitt alipokabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974 alikuwa na miaka 22, mshahara wake dola 250 kwa mwezi, na alikuwa akifua jezi na kuendesha gari la timu mwenyewe. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa ameshinda mechi 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8. Ila jambo ninalolishika zaidi katika maisha yake ni hili: kila mchezaji aliyemaliza miaka yake ya kucheza chini yake alipata shahada.

Kocha John Wooden wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, naye alikuwa akianza msimu kwa kuwafundisha wachezaji kuvaa soksi. Unaivuta, unapitisha kidole kwenye kisigino na kando ya kidole kidogo cha mguu, unahakikisha hakuna mkunjo, kwa kuwa mkunjo huleta lengelenge, na lengelenge humtoa mtu mazoezini. Alifika chuoni hapo mwaka 1948 na ubingwa wa kwanza akaupata 1964, kisha akakusanya 10 ndani ya miaka 12. Kocha Mike Krzyzewski msimu wake wa pili na wa tatu pale Chuo Kikuu cha Duke alipoteza mechi 17 kila msimu, na wakuu wake wakamwacha aendelee. Leo sidhani kama angevumiliwa. Kwa hiyo ukiajiriwa, uwe tayari kuhama mji mara tatu au nne, na umweleze mwenzi wako mapema.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akaenda kucheza UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwa jumla kuingia NBA. Makocha huku hawajamsahau. Wakijua unatoka Afrika Mashariki, swali litakuja mapema: je, unafahamu vijana warefu? Nakusihi, usikubali kugeuzwa dalali. Nimeona kijana wa futi saba akiletwa kwa ahadi, akaumia goti, na aliyemleta hapokei tena simu. Kabla hujamtaja kijana yeyote, uliza ufadhili wa masomo unalipia nini hasa, kwa miaka mingapi, na nini kitatokea akiumia. Vyuo vya Daraja la Tatu, la mwisho kati ya madaraja ya NCAA, havitoi ufadhili wa michezo kabisa, na wazazi wengi hawaambiwi. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, lakini kijana mwenye viza ya mwanafunzi amebanwa na masharti ya kazi, kwa hiyo usimwahidi mama yake pesa hizo.

Mama mmoja wa Mwanza, ambaye mwanawe alikuwa anakuja kucheza kwetu, aliniuliza swali moja tu kwenye simu: "Baba, huko nani atamwamsha?" Nilikuwa nimejiandaa kueleza takwimu, mazoezi, hata chakula. Nikamjibu kwamba nitamwamsha mimi, na muhula wote wa kwanza nilimgongea mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye theluji, kwa sababu nilishasema. Tangu mwaka huo huo wa 2021 pia mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine bila kukaa nje mwaka mzima, na wanahama kwa wingi. Kijana huyu alipata chuo kikubwa zaidi lakini akabaki kwetu. Sikumwomba abaki.

Kama bado unataka, andika barua kwa makocha wa Daraja la Tatu na wa vyuo vya miaka miwili, huko ndiko mikono inakohitajika. Taja mechi yao uliyoitazama. Usiambatishe video yako ukiruka na kutumbukiza mpira kikapuni. Ambatisha dakika tano ulizochambua wewe, zikionyesha jambo moja ambalo timu yao inalikosea katika ulinzi, na uandike tarehe ya mechi.