Gitare yangu inanguruma, niiuze?

SWALI: Yaya jambo. Miye ni kijana wa Katuba, napigaka gitare kwenye korali na mu harusi. Mwezi jana nilinunua ya umeme, ya mutindo wa zamani, ile ya pembe mbili na mikro 3 (byuma bya kushika sauti, chini ya nyuzi), mutu mwengine alishaitumikisha. Sauti yake tamu kabisa lakini nikiichomeka tu ku ampli inaanza zzzzz, benzangu banachekaka banasema takataka, tafuta ya kisasa. Na kingine, nikiweka kiswichi kati ya mikro mbili ile kelele inakufa yenyewe. Njo nini hiyo? Niiuze?

JIBU: Mudogo, usiuze. Ama ukiuza, anza na miye.

Hiyo zzzzz haiko bugonjwa. Kila mikro yako ni sumaku ndogo 6 na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, unazungushwa zaidi ya mara 7,000 (shaba yetu hiyo, watu wa Lubumbashi tutashangaa nini), uzi ukitetemeka juu ya sumaku waya unasikia. Sasa waya hauchagui, unasikia na umeme wa ku ukuta, hertz 50, na taa za neon, na chaja ya simu, byote unapeleka ku ampli.

Kati ya mikro mbili kelele inakufa juu ile mikro ya katikati waya wake walizungusha kinyume na sumaku wakapindua, basi ngurumo mbili zinauana, sauti ya nyuzi inabaki. Gitare za kwanza za mutindo huu, za Fender, kiwanda cha Amerika, za 1954, hazikuwa na huo ujanja, kiswichi kilikuwa na nafasi 3 tu, wapigaji wakawa wanakikwamisha kwa nguvu katikati kutafuta ile sauti, mpaka 1977 kiwanda kikakubali kuweka nafasi 5. Hiyo inanichekeshaka.

Wewe kaa mbali kidogo na ampli halafu geuka polepole kama mutu anatafuta rezo ya simu, kuna upande itanyamaza. Volimu shusha mpaka 7, ukali unapungua. Mikro ya karibu na daraja (pale nyuzi zinakalia, upande wa mukono wa kupigia) inachoma masikio, njo vile, kwenye mpango wa zamani wa waya haina kifungo cha toni. Ila ukishika nyuzi ukapigwa na umeme, hata kidogo, chomoa mbio, fundi aangalie tera ya nyumba kwanza (ule waya wa kupeleka umeme mu udongo).

Kisha umeme ukikatika, na unakatikaka, usiweke gitare chini. Piga kavu, imekuegemea kifuani, dole gumba linatembeza besi, kidole cha pili kinaimba, ile ya muzee Mwenda Jean Bosco, mupiga gitare wetu wa Katanga, naye alirekodiwa 1952 na gitare ya mbao tu. Utasikia mbao inatetemeka mpaka ku mbavu. Miye nafanyaka hivyo hata umeme ukiwako.